Dokumentari ya Safari ya Gari kwa Bajeti Ndogo: Panga Vituo Kwanza, Barabara Baadaye

Wengi wanaotengeneza dokumentari kuhusu mpenzi wa magari na safari yake hukwama mahali pamoja. Wanarudi na saa 40 za picha: lami inapita, gari linapita, milima inapita. Wakikaa kuhariri, filamu haipo. Kosa halikuwa la kamera, wala la mfuko mwembamba. Walipanga safari, hawakupanga filamu.

Gari likiwa mwendoni, kilicho mbele ya kamera hakibadiliki kwa kilomita nyingi. Likisimama ndipo mambo huanza. Boneti inafunguliwa, mpita njia anasogea kuuliza injini ni ya mwaka gani, mwenye gari anafuta mikono kwa kitambaa na kusema jambo ambalo asingelisema akiwa ameshika usukani. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unapanga vituo kabla ya barabara.

Hesabu zote hapa chini zinatumia mfano mmoja: filamu ya dakika 25, siku 7 za kurekodi, kilomita 1,400, gari moja la zamani, gari moja la kusindikiza, na watu watatu mbali na mwenye gari. Badilisha tarakimu kulingana na safari yako, lakini usibadilishe mpangilio wa hatua.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya yote

Picha
- Kamera kuu moja yenye lenzi ya kuvuta, karibu 24–70 mm. Simu nzuri inatosha ikiwa ina programu ya kufunga mwanga, rangi na kasi ya fremu.
- Kamera ndogo moja ya kubandika, ile ya michezo.
- Kichujio cha ND cha kupunguza mwanga, na kichujio cha polaraiza cha kupunguza mng'ao wa vioo.
- Tripodi imara, kishikio cha kunyonya kioo, na kamba nyembamba ya usalama.
- Kitambaa cheusi kisichong'aa, kikubwa cha kufunika dashibodi nzima.

Sauti
- Maiki mbili ndogo za kubana shatini, pamoja na manyoya yake ya kuzuia upepo.
- Kinasa sauti kimoja cha mkononi.
- Hedifoni za kufunika masikio. Vile vidogo vya simu havitakuonyesha mngurumo wa chini.

Kumbukumbu na umeme
- Kadi za kumbukumbu zinazotosha siku mbili bila kufuta chochote.
- Diski mbili za nje za TB 1 kila moja, na kisoma kadi cha USB 3.
- Betri nne za kamera kuu, pawabenki mbili, na inveta ndogo ya gari ya wati 150, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

Gari na usalama
- Mkanda wa feni, mipira ya rejeta na vibanio vyake, fyuzi, balbu, plagi na kichujio cha petroli. Kwa gari la kabureta lenye pointi (viunganishi vya umeme wa cheche), ongeza pointi, kondensa na koili.
- Oili lita 2, maji ya rejeta lita 10, mafuta ya breki, kamba ya kuvutia, nyaya za kuazimia moto wa betri, kizima moto, pembetatu mbili za kuakisi, fulana za kuakisi kwa kila mtu, na sanduku la huduma ya kwanza.
- Redio mbili za mkononi. Simu hupoteza mtandao palepale unapoihitaji.

Bajeti ikikubana, punguza upande wa picha kwanza. Mtazamaji huvumilia picha iliyofifia kidogo, lakini sauti ya upepo ikimeza maneno, anaondoka.

## Hatua ya 1: Andika swali la filamu kwa sentensi moja

"Jamaa anapenda magari na anasafiri" si filamu. Hiyo ni picha ya wasifu. Sentensi yako iwe na vitu vitatu: mtu anataka nini, nini kinamzuia, na lini itajulikana kama amepata.

Mfano: *Mwanamke anataka kulifikisha gari la marehemu baba yake kwa fundi aliyeijenga injini yake, kabla fundi huyo hajafunga karakana, lakini giaboksi imeanza kulia.* Hapo kuna haja, kuna kikwazo, kuna mwisho. Kila kituo cha njiani kitasogeza jibu au kulizuia.

Jaribu sentensi yako kwa mtu asiyejali magari hata kidogo. Akiuliza "kisha ikawaje?", umepata. Akijibu "safi sana" na kubadilisha mazungumzo, rudi mezani. Usiruke hatua hii kwa matumaini kwamba hadithi itajitokeza barabarani. Pengine itajitokeza, lakini hutajua kamera uielekeze wapi.

## Hatua ya 2: Kaa na mwenye gari, bila kamera

Panga mazungumzo mawili ya saa moja moja, la pili likiwa kando ya gari lenyewe. Usirekodi picha. Mtu akisimulia jambo lake zito kwa mara ya kwanza, hulisimulia kwa moyo. Mara ya pili hulifupisha. Kwa hiyo ukiona anakaribia lile lenyewe, mwambie waziwazi: "Hilo lihifadhi, tutalirekodi siku ya tatu."

Maswali ya jumla huleta majibu ya jumla. "Kwa nini unapenda magari?" litakupa jibu ambalo kila mpenzi wa magari analo. Uliza kitu kinachoshikika:

- Ni sehemu gani ya gari hili umekataa kuibadilisha, na kwa nini?
- Ni sauti gani ukiisikia unapunguza mwendo?
- Mara ya mwisho kulisukuma, nani alikuwa nyuma?
- Nyumbani ni nani anayetaka uliuze?

Mfundishe pia kuanza jibu kwa kurudia kiini cha swali, kwa kuwa sauti yako itakatwa. Ukiuliza "Ulilinunua lini?" na akajibu "Mwaka 1994", huna kitu. Akisema "Gari hili nililinunua mwaka 1994", una sentensi inayosimama peke yake.

Mkubaliane mapema kuhusu nyakati ngumu. Gari likiharibika, je, unaruhusiwa kuendelea kurekodi akiwa amekasirika? Je, kuna jamaa ambaye hataki aonekane? Yaandikeni kwenye karatasi moja pamoja na ruhusa ya kutumia sura na sauti yake, na atie saini kabla ya safari. Baada ya safari, sahihi hiyo hupatikana kwa taabu.

## Hatua ya 3: Chagua vituo, ndipo uchore njia

Chukua karatasi 12, vituo viwili kwa kila siku ya siku sita; siku ya saba itabaki bila kituo. Kwa kila kituo andika mambo manne: nani yupo, mikono inafanya nini, kinajibu nini kuhusu swali la filamu, na jua litakuwa upande gani.

Kituo kimoja cha siku kiwe cha kazi: karakana, mahali pa kuuza vipuri vikuukuu, kubadilisha tairi, kuosha gari. Kingine kiwe cha watu: fundi mzee, mmiliki wa gari kama hilo, ndugu aliyefunzwa kuendesha ndani yake. Kituo ambacho kinakosa mtu na kinakosa kazi ya mikono ni mandhari tu. Kipe dakika 10, usikihesabu kati ya 12.

Ukimaliza, panga karatasi sakafuni kwa mfuatano wa hadithi, kisha uangalie ramani. Mara nyingi njia inayotoka hapo huwa ndefu kuliko barabara kuu. Ni sawa. Barabara ndogo zina mwendo wa chini, kelele kidogo, na sehemu salama za kuegesha.

Wapigie simu watu wote wa vituoni wiki mbili kabla, kisha siku mbili kabla. Weka kituo cha akiba kila baada ya siku mbili, kwa kuwa fundi uliyemtegemea anaweza kuitwa kazini.

## Hatua ya 4: Gawa siku kwa saa, si kwa kilomita

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Msafiri wa kawaida huona kilomita 500 kwa siku ni jambo la kawaida. Anayerekodi hawezi. Hii ndiyo siku ya kilomita 200:

- Kuendesha, kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa: saa 4
- Vituo viwili, dakika 90 kila kimoja: saa 3
- Picha za gari likipita barabarani: saa 1
- Mafuta, chakula, na kukagua gari: saa 2
- Kunakili picha, kuchaji na kuandika kumbukumbu: saa 1 na nusu

Jumla ni saa 11 na nusu, na bado hakuna kilichoharibika. Ukiongeza kilomita 100, umeongeza saa 2, na saa hizo hulipwa na vituo, yaani na filamu yenyewe.

Picha za gari likipita zinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndizo mwizi mkubwa wa muda. Gari la kusindikiza linatangulia, linatafuta mahali pa kuegesha nje ya barabara, tripodi inasimikwa, redio inaita, gari linapita kwa sekunde 8, kisha mnafungasha na kulifukuza. Hayo ni dakika 15 hadi 20. Weka tatu kwa siku. Kwa siku 7 utakuwa na 21, na filamu ya dakika 25 haitatumia zote.

Simika kamera upande mmoja wa barabara safari nzima, ili gari liende daima kutoka kushoto kwenda kulia, au kinyume chake. Ukichanganya, mtazamaji atadhani mhusika amegeuza anarudi nyumbani. Kama kweli anarudi, hapo ndipo ubadili upande, naye ataelewa bila maelezo.

Siku moja kati ya saba iache bila kituo chochote. Gari la zamani litaidai.

## Hatua ya 5: Kagua gari kama sehemu ya kikosi

Gari ndilo mhusika wa pili. Likaguliwe na fundi wiki tatu kabla, ili vipuri vinavyokosekana vipate muda wa kufika. Afuate mpangilio huu: breki na mafuta yake, usukani na bolijointi, tairi pamoja na la spea, mipira ya rejeta, mkanda wa feni, umeme wa kuchaji, kisha uvujaji wa petroli. Ukaguzi wa siku moja kabla ya kuondoka hauna faida. Utajua ubovu bila kuwa na nafasi ya kuutengeneza.

Tairi litazamwe umri wake pia, si kashata (meno yake) pekee. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kupendwa linalokaa gerejini huwa na tairi zenye kashata nzuri na mpira uliokauka na kupasuka. Hizo hupasuka kabisa kwenye joto na mwendo wa muda mrefu.

Umeme wa gari la zamani. Usiunganishe chaja zako kabla hujajua volti zake. Beetle nyingi za Volkswagen zilizoundwa kabla ya 1967, kwa mfano, zilitumia volti 6, na inveta ya volti 12 haitafanya kazi humo. Baadhi ya magari ya kale ya Uingereza yana upande chanya wa betri uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Kifaa chenye ganda la chuma kinaweza kupiga shoti kikiunganishwa vibaya. Njia salama ni kuchaji kila kitu kwenye gari la kusindikiza.

Hata huko kuna kikomo. Tundu la dashibodi lenye fyuzi ya ampea 10 linatoa wati 120 hivi. Kompyuta ya wati 65 na chaja mbili za kamera zinaingia. Ongeza birika la umeme na fyuzi itakatika. Chaji injini ikiwa inawaka, la sivyo asubuhi mtakuwa mnasukuma magari mawili.

## Hatua ya 6: Panga kamera, na kila moja ijue kazi yake

Mipangilio ya msingi. Tumia fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa 1/50 ya sekunde, kwenye kamera zote. Mchana mkali picha itaungua kwa mwanga, na hapo wengi hupandisha shata hadi 1/2000. Matokeo yake spoki za magurudumu zinaganda, na gari linaonekana kama linaelea juu ya lami. Weka ND badala yake, uache shata mahali pake.

Ukitumia simu, funga kasi ya fremu kwa programu. Programu nyingi za kawaida za simu hupandisha na kushusha fremu zenyewe, na baada ya dakika 10 za mahojiano midomo na sauti vinaachana.

Ndani ya gari. Kamera ya kubandika ikimtazama dereva kutoka kioo cha mbele, zima utulizaji wa picha wa kielektroniki. Utulizaji huo hupima mtikisiko wa kamera dhidi ya dunia ya nje. Kwa kuwa kamera na kiti vinatikisika pamoja, ukiuacha ukiwaka dereva na kiti chake ndivyo vitakavyochezacheza ndani ya picha. Hakikisha pia kamera haizibi macho ya dereva wala haipo kwenye njia ya mfuko wa hewa, kama gari linao.

Kupitia kioo. Ukirekodi uso wa dereva kutoka nje, mng'ao wa anga na dashibodi utamfunika. Tandaza kile kitambaa cheusi juu ya dashibodi kwanza, halafu zungusha polaraiza polepole hadi uso utokeze. Hili lifanywe gari likiwa limeegeshwa, au likienda taratibu kwenye eneo la faragha, kwa kuwa kitambaa kinaweza kumsumbua dereva. Vioo vya pembeni ni kesi nyingine: vingi vimekazwa kwa joto, na polaraiza huonyesha madoa na mistari ya rangi ndani yake. Ukiyaona, vua kichujio ushushe kioo.

Nje ya gari. Safisha mahali pa kubandika kwa spiriti, paache pakauke, bandika, subiri dakika 10, kisha vuta kwa nguvu. Funga kamba ya usalama kila mara. Gari lenye rangi ya zamani iliyopigwa msasa mara nyingi linaweza kubanduka rangi pamoja na kishikio, kwa hiyo bandika kwenye kioo peke yake. Na mtu asining'inie dirishani wala kukaa kwenye buti lililo wazi ili apate picha. Hakuna picha inayostahili hilo.

Dereva wa gari la kusindikiza anaendesha tu. Hashiki kamera, hashiki redio. Anayeketi kando yake ndiye anayezungumza.

## Hatua ya 7: Sauti ipewe ratiba yake

Gari la zamani likienda kilomita 80 kwa saa lina kelele inayozima mazungumzo. Mahojiano makuu yafanyike gari likiwa limesimama, injini imezimwa, vioo vimepandishwa. Mazungumzo ya njiani yarekodiwe chini ya kilomita 50 kwa saa, feni na redio vikiwa vimezimwa.

Redio izimwe kwa sababu nyingine pia: wimbo ukisikika nyuma ya maneno, huwezi kuutoa, na huna haki ya kuutumia.

Maiki ya shatini ina adui mmoja ndani ya gari, mkanda wa usalama. Mkanda hushuka kutoka bega la upande wa mlango hadi kiunoni upande wa katikati ya gari. Bana maiki juu ya kifua, upande wa katikati ya gari, mahali mkanda usipopita. Muombe mhusika azungushe usukani kushoto na kulia huku ukisikiliza kwa hedifoni. Ukisikia mkwaruzo, sogeza sentimita mbili na urudie. Ikishindikana, bana maiki kwenye kizuia jua kilicho juu ya uso wake.

Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, vilele vya sauti vikifika karibu -12 dB. Sauti iliyopanda ikapasuka haitengenezeki, iliyo chini kidogo inainuliwa.

Kisha tenga nusu saa, mahali patulivu, urekodi gari lenyewe bila mtu kuzungumza: ufunguo, stata, injini ikiunguruma taratibu, gia ya kwanza, breki ya mkono, mlango kufungwa, waipa kwenye kioo kikavu, indiketa. Maiki iwe mita moja kutoka bomba la moshi na pembeni yake, si mbele yake, la sivyo utanasa upepo wa moshi. Kila mahali pa mahojiano, kabla ya kufungasha, rekodi dakika moja ya ukimya wa pale. Mhariri ataitumia kuziba mishono.

Utajua sauti imekaa sawa ikiwa unaweza kufumba macho, kusikiliza rekodi ya kituo kimoja, na kujua gari liko wapi na mtu anafanya nini.

## Hatua ya 8: Kazi ya jioni, bila kujali uchovu

Video ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) inakula GB 45 kwa saa. Saa 2 za picha kwa siku ni GB 90, na siku 7 ni GB 630. Ndiyo maana diski mbili za TB 1 zinatosha kwa mfano wetu: kila moja inabeba nakala nzima.

1. Nakili kadi kwenye diski ya kwanza, kisha ya pili. Kwa kisoma kadi cha MB 90 kwa sekunde, GB 90 huchukua dakika 17 hivi kwa kila diski. Kisoma kadi cha zamani cha USB 2 kitazidisha muda huo karibu mara tatu.
2. Fungua faili tano kutoka kila diski na uzitazame mwanzo, katikati na mwisho. Jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba picha ipo.
3. Ipe folda jina la tarehe, siku na kituo.
4. Andika mistari mitano: kilichotokea, sentensi bora iliyosemwa, kilichokosekana.
5. Chaji vyote. Diski moja ilale gari moja, nyingine gari la pili.

Usifute kadi hadi kesho yake jioni. Na kila siku kabla ya kurekodi, linganisha saa za vifaa vyote. Dakika moja kila asubuhi itakuokolea siku nzima ya kupanga faili.

## Hatua ya 9: Piga bajeti kutoka chini

Anza na mafuta, kwa kuwa yanahesabika. Gari la zamani linalokula lita 12 kwa kilomita 100 litataka lita 168. Gari la kusindikiza la lita 9 litataka lita 126. Jumla ni lita 294. Ongeza robo kwa kurudi nyuma kutafuta picha na kwa injini kuwaka mkiwa mmesimama: karibu lita 370. Zidisha kwa bei ya kwenu.

Fuatisha vyakula na malazi ya watu wanne kwa kila usiku, vipuri, bima, vibali, na diski. Kisha tenga asilimia 15 ya dharura isiyoguswa, na fungu la baada ya safari: muziki wenye leseni, kusawazisha sauti, kusahihisha rangi. Fungu hilo la mwisho husahaulika mno, na ndilo linaloacha filamu nyingi zikiwa nusu kwenye diski.

## Hatua ya 10: Vibali

Ulizia mambo matatu kwa mamlaka za mahali mnapopita: kurekodi hadharani, kurusha droni, na kupiga picha karibu na madaraja, mipaka au vituo vya usalama. Mkivuka mpaka, ulizeni kama gari linahitaji Carnet de Passages en Douane na vifaa vinahitaji ATA Carnet, ambazo ni nyaraka za kuingiza mali kwa muda bila kulipa ushuru. Beba orodha ya vifaa yenye namba zake za usajili, nakala tatu.

Kila anayezungumza mbele ya kamera atie saini karatasi ya ruhusa papo hapo.

## Hatua ya 11: Siku ya majaribio

Wiki mbili kabla, fanyeni safari ya kilomita 60 na kituo kimoja, mahojiano ya dakika 20, picha mbili za gari likipita, na kazi yote ya jioni. Kisha hariri dakika 2.

Tazameni pamoja, na mwenye gari awepo. Hapo mtagundua tripodi inayolegea, maiki inayokwaruza, mtu asiyejua zamu yake. Dakika hizo 2 zikimfanya asiyejali magari aulize swali, endeleeni na ratiba. Zikiwa ni gari linapita tu, rudini Hatua ya 1 mkiwa bado nyumbani.

## Hatua ya 12: Gari likiharibika njiani

Gaweni kazi kabla. Dereva anatoa gari nje ya barabara. Mtu wa pili anaweka pembetatu nyuma, angalau mita 50, na mbali zaidi kwenye barabara ya mwendo kasi. Wote wanavaa fulana. Mpiga picha haanzi hadi hayo yaishe.

Akianza, afuate mpangilio huu: washa sauti kwanza, kisha mikono kwa karibu, kisha uso unaofikiri, kisha picha pana yenye gari na barabara tupu. Kila moja ikae sekunde 10 bila kusogeza kamera. Usimuulize mhusika anajisikiaje. Muulize anasikia nini, anashuku nini, atajaribu kipi kwanza. Akieleza kwa sauti anachofanya, mtazamaji asiyejua kabureta atashika.

Rejeta ikichemka, kifuniko kisifunguliwe. Mvuke ulio chini ya shinikizo huunguza uso na mikono. Subirini hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa kiganja bila kuumia. Nusu saa hiyo ya kungoja ni mahali pazuri pa lile jambo mliloliweka hadi siku ya tatu: mtu amekaa kando ya gari lake, kimya kimetanda, hakuna pa kukimbilia. Bana maiki, keti chini usawa wake, na uulize.